Kiti Kilichozama Pipani

Siku niliyostaafu mlinipa keki, saa ya ukutani na daftari jipya, na Brian wa ofisi ya usanifu akaniambia, "Madam, andika kila kitu kabla hujasahau." Keki iliisha siku hiyo hiyo. Saa nimeitundika jikoni kwangu Donholm, inakwenda mbele dakika saba, na sijaona sababu ya kuirekebisha kwa kuwa siku hizi hakuna anayeningoja mahali. Limebaki daftari. Nitawaandikia, ila msitarajie vyeo. Vyeo vyangu vimo kwenye faili, na nawajua ninyi, faili hamtazisoma. Nataka kuwaeleza nilivyojifunza kuunda kitu ambacho kikichakaa kinarudi kiwandani chote na kuwa kitu kingine, pasipo kubaki kipande cha kutupwa. Na katika kujifunza huko nilimkosea mtu, kwa hiyo yeye pia yumo humu.

Niliingia kiwandani nikiwa na miaka ishirini na miwili na cheti cha chuo cha ufundi ambacho mama yangu alikuwa amekitia fremu. Nilikuwa nakaa mtaa wa Umoja, Nairobi, na dada yangu, chumba kimoja. Ovaroli niliyopewa ilikuwa ya mwanamume mrefu, nikaikunja miguu mara tatu. Karakana ya moldi ilikuwa na wanaume kumi na mmoja, na hakukuwa na choo cha wanawake. Kwa wasiojua kazi yetu, moldi ni bonge la chuma lililochongwa kwa ndani umbo la beseni, jagi au kiti. Plastiki iliyoyeyuka husukumwa humo, ikapoa, ikatoka ikiwa beseni. Ukikosea moldi mara moja, umekosea mabeseni elfu kumi.

Mkuu wa karakana alikuwa Mzee Ogutu, mtu wa Siaya, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa shaba. Alinitazama asubuhi ile kutoka juu hadi kwenye mikunjo ya ovaroli.

"Binti, unajua kupiga tupa?"

"Nimesoma, mzee."

"Sikuuliza kama umesoma."

Akanipa tupa na kipande cha chuma ukubwa wa sabuni ya kufulia, akaniambia nikilainishe pande zote sita hadi kikiwekwa juu ya kioo kisipitishe mwanga. Nilikaa na chuma kile wiki tatu. Mikono ilitoka malengelenge, yakapasuka, yakakauka, yakatoka mengine. Nilipomletea, alikiweka juu ya kioo, akainama, akakitazama kwa muda, kisha akakitupa kwenye debe la vyuma vikuukuu. "Sasa unaweza kufundishwa," akasema. Nilikwenda nyuma ya stoo nikalia, halafu nikarudi kazini. Leo vijana mnachora kwenye kompyuta na mashine inachonga yenyewe, na ni vizuri. Lakini bado naona kwamba aliyewahi kupiga tupa hachori kona isiyochongeka.

Miaka ya mwanzo tuliunda vitu vya kuuzwa, basi. Kikitoka langoni, kimetoka. Nakumbuka beseni langu la kwanza, ambalo nililionea fahari kupita kiasi. Lilikuwa na duara la mpira chini lisiteleze kwenye sakafu ya bafu, na mpira ule niliugandisha kwa gundi ambayo hata shetani asingeibandua. Watu wa mauzo walinisifu. Miaka michache baadaye kiwanda kilinunua mashine ya kusaga plastiki kuukuu, na mabeseni yale yaliyopasuka yakaanza kurudi. Tuliyasaga na mpira wake. Ndoo zilizotokana nayo zilitoka na madoadoa meusi kama ya kunguni, nazo zilivuja kila penye doa.

Mzee Ogutu aliniita kwenye lundo la mabeseni, akaokota moja, akajaribu kuubandua mpira kwa bisibisi, akashindwa.

"Hawa wawili umewafungisha ndoa," akasema, "na talaka hukuiacha. Sasa wote wanaenda jalalani pamoja."

Hapo ndipo nilipoanza kuielewa kazi hii. Tangu siku ile nilijiwekea sharti kwamba sitaunganisha vitu viwili nisivyoweza kuvitenganisha kwa mkono na bisibisi moja. Nikaacha gundi. Pini ya chuma iliyoshika kifuniko cha jagi nikaiondoa, nikaunda bawaba ya plastiki ile ile ya jagi. Karatasi za jina la kiwanda zenye gundi nikazikataa, jina nikalichonga ndani ya moldi ili litoke na kitu chenyewe. Watu wa mauzo walinung'unika kwamba jina halionekani vizuri. Niliwaambia kwamba anayenunua beseni anatafuta maji yasimwagike, hatafuti kitu cha kusoma.

Plastiki kuukuu tulikuwa tukiletewa na kina mama wa uwanja mmoja ulio nyuma ya mtaa wa Tassia, karibu na mfereji. Walikuwa kumi na wawili, na kiongozi wao alikuwa Mama Nekesa, mwanamke wa Bungoma, mnene kiasi, mwenye sauti ya chini. Hakuwa na haraka. Aliuacha ukibarua wa kiwanda cha nguo akaanzisha kikundi kile, na binti yake Nekesa alikuwa akisoma kwa kazi hiyo. Kuchambua plastiki si kuokota tu. Kuna aina nyingi zinazofanana kwa macho, na ukizichanganya zinaharibiana. Kina mama walitumia kidole, moto na maji. Kwa kidole wanakwaruza kusikia ugumu. Kwa moto wanachoma ncha ndogo wakinusa, maana plastiki yetu ya viti na mabeseni inanuka mshumaa, na ile ya mabomba inachoma pua. Vipande vikiwa vingi, vinamwagwa kwenye pipa la maji. Plastiki yetu huelea. Ya mabomba huzama.

Sharti la maji niliwapa mimi. Siku moja kipande cha bomba kilipita kikaingia kwenye mashine yetu, kikaungua humo ndani, moshi wake ukatutoa nje sote tukikohoa, na mashine ikafunguliwa siku mbili kusafishwa. Baada ya hapo nilichukua ubao na rangi nyekundu, nikaenda Tassia mwenyewe, nikaandika kwa herufi kubwa: KINACHOELEA LETE. KINACHOZAMA TUPA. Mama Nekesa alinisaidia kuupigilia misumari kwenye nguzo ya kibanda. Akarudi nyuma hatua mbili kuutazama.

"Sasa hakuna mtu atasema hakuambiwa," akasema.

Ndipo likaja wazo la kiti. Lilikuwa langu, na nililipenda mno. Kiti cha plastiki moja kuanzia miguu hadi mgongo, bila kofia za mpira miguuni, bila skrubu, bila karatasi, chenye alama yetu ya duara iliyochongwa chini ya kikalio. Kikivunjika kinarudi, kinasagwa, kinakuwa kiti tena. Mkurugenzi alikubali kwa sharti. Alitupa miaka miwili. Viti vikirudi, kazi itaendelea. Visiporudi, mashine ya kusaga inauzwa, vijana wanne wanaoiendesha wanatafutiwa mlango, na mapatano na kina mama wa Tassia yanakwisha. Miaka miwili haikunitisha. Viti vya kukodisha vya harusi na matanga havina maisha marefu.

Kanisa letu la Donholm lilinunua vya kwanza, na mimi ndiye niliyewashawishi. Jumapili ya tatu, siku ya harambee, shemasi mmoja mwenye mwili wake alikaa mstari wa mbele. Miguu ya kiti ikaanza kutanuka, polepole, kama ya ndama aliyezaliwa sasa hivi, na yeye akateremka nayo huku ameshikilia Biblia, mpaka akakaa sakafuni. Hakuumia. Kwaya ilinyamaza katikati ya ubeti. Halafu nyuma yangu mama mmoja akamuuliza mwenzake, kwa sauti aliyodhani ni ya chini, "Si hizi ndizo Mama Njoki hutengeneza?"

Mama Njoki ndiye mimi. Niliona aibu iliyonipanda hadi masikioni, na sitaificha, kwa sababu yote yaliyofuata yalitoka katika aibu ile.

Jumatatu nilimpelekea Mzee Ogutu kiti. Alikigeuza juu chini, akapitisha kidole ndani ya mguu.

"Ongeza mbavu," akasema. Mbavu ni ile mistari iliyoinuka ndani ya mguu, inayouzuia usipinde.

"Itabidi tufungue moldi, tuchonge upya. Wiki nane, mzee. Viti vinatakiwa sasa."

"Basi wiki nane."

Sikumsikiliza. Nilijua njia ya mkato ambayo viwanda vingi vinaitumia: unachanganya unga wa chaki kwenye plastiki, inakuwa ngumu, na moldi huigusi. Nilijaribu kilo moja ya chaki kwa kila kilo nne za plastiki. Nikamkalisha mtunza stoo wetu, ambaye hakuna kiti kilichokuwa kimemshinda kukivunja, akajitikisa humo, kiti kikatulia. Nilijipa moyo kwamba chaki haiharibu kitu, kwamba kiti kikisagwa na chaki yake kitakuwa kiti tena. Na ni kweli, kingekuwa. Niliwaza juu ya mashine yetu, sikuwaza juu ya pipa la Tassia. Mzee Ogutu aliposikia alisema tu kwamba chaki ni ya ubao, na mwisho wa mwaka akastaafu akaenda kwao, amepitisha umri wa kustaafu miaka mingi.

Viti vya kwanza, vile vya kuteguka, vilirudi vyote, na wote tulifurahi. Kisha vikaanza kupungua. Mwaka wa pili ulipofika katikati, lori lilikuwa linatoka Tassia na mabeseni na ndoo na vifuniko, na kiti hata kimoja hamna. Mutiso, dereva wetu, alinisimamisha uani asubuhi moja.

"Madam, yule mama anasema viti zenu zinazama."

Nilicheka. Nasema nilicheka kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. "Mwambie plastiki ile haizami. Tangu nizaliwe sijaiona ikizama."

"Mimi nimeambiwa niseme tu," Mutiso akajibu, akapanda lori.

Wiki hiyo hiyo kijana wa mauzo akasema ameona magunia yakipakiwa pale Tassia kwenye gari la kiwanda kingine. Magunia ya nini, hakujua. Mimi nilijua. Nilikaa mezani nikaandika barua ya ukurasa mmoja kwa mkurugenzi, kwamba kikundi cha Mama Nekesa kinauza viti vyetu kwingine kisiri, na kwamba kisingizio chao, ati vinazama, ni uongo ambao mtu yeyote wa plastiki anautambua. Niliandika neno wizi. Nililiandika mara mbili. Mkurugenzi akasaini, nakala ikapelekwa Tassia, na nyingine ikabandikwa kwa mlinzi wa lango ili asimruhusu kuingia. Kazi ile akapewa mwanamume mmoja mwenye lori lake, ambaye aliwabakisha baadhi ya kina mama uwanjani kama vibarua.

Mama Nekesa alikuja langoni siku ya pili. Mlinzi alinipigia simu kwamba anaomba dakika tano. Nilimwambia aseme niko mkutanoni. Sikuwa mkutanoni, nilikuwa nakula chapati na ndengu. Alisimama nje hadi saa za kutoka, kisha wafanyakazi wakapita wakimtazama, na barua ipo pale ukutani kwa kila anayejua kusoma. Mimi nilitokea mlango wa stoo.

Yule mwanamume mwenye lori akafanya kazi miezi mitatu. Hakuleta kiti. Nilimpigia, akaapa kwamba viti havipo. Ndipo nilipovaa buti nikaenda Tassia mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu siku ya ule ubao. Lazima niwaambieni ilikuwa umbali gani. Kutoka mtaa wa Fedha, kilipo kiwanda chetu, ni mwendo wa nusu saa kwa miguu.

Nilimkuta msichana mmoja, Akoth, amesimama kando ya pipa akimwaga vipande kutoka kwenye karai. Viti huwa havifiki pale vikiwa viti. Wabeba mikokoteni huvivunjavunja ili vienee kwenye magunia. Vipande vikaanguka majini, vingine vikabaki juu, vingine vikashuka. Akakusanya vya juu, akainamisha pipa, akaanza kuchota vya chini na kuvirusha nyuma ya kibanda. Kimoja kilikuwa na duara letu.

"Mbona unatupa hiyo?"

"Imezama."

"Lakini ni kiti."

"Najua ni kiti, auntie. Hata nyumbani tunakalia. Lakini si usome pale?"

Akaonyesha nguzo kwa kidevu. Nilitazama mwandiko wangu mwekundu.

Nilichukua kile kipande nikakirusha tena. Kikazama. Nikakunja mkono wa blauzi, nikakitoa, nikakirusha mara ya tatu kana kwamba maji yangebadilisha nia. Chaki ni nzito kuliko maji. Mtoto wa shule analijua hilo, na mimi ndiye niliyeipima chaki ile kwa mikono yangu, kilo moja kwa kilo nne. Nyuma ya kibanda palikuwa na mahali wanapochomea vilivyozama kila Jumamosi, na majivu yake yalikuwa meupe. Chaki haiungui. Viti vyangu vyote vilikuwa pale.

"Mama Nekesa alikuwa anaziweka kando," Akoth akasema nyuma yangu. "Alisema mpaka aulize. Aliuliza?"

"Aliuliza," nikasema.

Ningependa kuwaandikia kwamba nilikimbia moja kwa moja ofisini. Nilikaa na jambo lile siku nne. Nilijiambia kwamba naweza kuondoa chaki kimyakimya, viti vikaanza kurudi, na watu wakasahau. Nilikuwa nimebakiza miaka sita nistaafu, na watu walikuwa wakiniita kwenye vyuo kuzungumza juu ya kiti kile. Usiku nililala vizuri, jambo ambalo lilinishangaza. Ilikuwa mchana, nikiona chapati, ndipo nilipokuwa nikisukuma sahani kando. Siku ya tano niliingia kwa mkurugenzi na kipande cha kiti na ndoo ya maji, nikamwonyesha.

Alikitazama kikiwa chini ya ndoo. "Barua niliisaini mimi," akasema, "lakini uliiandika wewe. Nenda ukamtafute."

Nilimpata stendi ya Tassia, anauza sukuma wiki juu ya gunia, kisu mkononi. Alinikaribisha kwenye kigoda, nikakataa, nikamweleza nikiwa nimesimama. Sharti la maji, chaki, Mutiso, chapati, vyote. Aliendelea kukata sukuma hadi nilipomaliza.

"Ile barua ilisomwa wapi?"

"Ofisini. Na langoni."

"Andika ingine. Urefu kama ile. Uisome palepale langoni, watu wakitoka kazi. Mimi nitakuja na Nekesa."

"Nekesa pia?"

"Yeye ndiye aliulizwa shuleni kama mamake ni mwizi. Kwa hivyo lazima asikie."

Niliiandika mara tano. Ya kwanza ilikuwa imejaa maelezo ya chaki, kana kwamba chaki ndiyo iliyoshika kalamu. Ya mwisho ilisema kwamba mimi, kwa jina langu kamili, nilimwita mwizi mwanamke aliyefuata maagizo yangu mwenyewe, na alipokuja kunieleza nilijificha. Jioni ile lango lilijaa. Mutiso alizima lori akashuka. Nekesa alikuwa na sare ya shule, amekumbatia begi kifuani, anatazama viatu vyake. Nilisoma. Sauti ilikatika kwenye neno wizi, nikarudia sentensi nzima ili isije ikasemwa kwamba niliimeza. Nilipomaliza, Mama Nekesa alinyoosha mkono, akaichukua barua, akaikunja mara mbili, akampa binti yake.

"Weka kwa vitabu zako," akamwambia. Kwangu alisema asante, wakaondoka.

Mkurugenzi alituongezea mwaka mmoja. Tuliifungua moldi, na mimi nikarudi kwenye jiriwa na tupa pamoja na vijana wawili wa mashine. Nilimpigia Mzee Ogutu kumwambia nimetoa chaki, naongeza mbavu.

"Ngapi?"

"Nne kila mguu."

"Tano," akasema, akaniuliza habari za mvua Nairobi.

Nilichonga tano. Zilitutoa jasho wiki tisa, wala si nane. Kiti cha kwanza kilichotoka sikukipeleka kwa mtunza stoo. Nilikibeba hadi Tassia, nikawapa kina mama nyundo ya mbao. Wakakivunja, wakakikwaruza, wakakichoma, wakakitia pipani. Kikaelea. Akoth akakisukuma chini kwa kijiti, kikarudi juu. Tangu hapo hakuna mchoro unaopitishwa kwetu kabla sampuli yake haijavunjwa na watu wa uwanjani. Brian, hiyo ndiyo sababu ulitumwa kule na jagi lako la vipande viwili ukarudi umenuna. Walikuonea huruma kuliko nilivyokuonea mimi. Mashine ya kusaga ipo, vijana wanne wapo, na viti vinarudi hadi tunakosa pa kuvirundika. Kikundi tulikirudishia kazi yake, na kina mama wote wakarejea, ila mmoja.

Nilimfuata tena stendi mara viti vilipoanza kurudi, nikamwambia nafasi yake ya uongozi ipo, wenzake wanamngoja, barua imetolewa ukutani zamani. Nilikuwa na maneno mengi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama siku ile nyingine.

"Mama Njoki," akasema, "kiti ukikosea unasaga, unatengeneza ingine. Sasa jina yangu, utasaga na mashine gani?"

Hakusema kwa hasira. Alikuwa akiuliza. Swali hilo nimestaafu nalo. Nikaomba sukuma. Akanikatia, akafunga, akaongeza majani mawili juu, kama anavyomfanyia kila mteja.